Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



 

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), hazina ya dola ilikuwa ikitoa posho kwa watoto walioachishwa ziwa tu. Wapokezi wa habari wamesimulia kwamba usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi Madina, Umar akatoka pamoja na Abdulrahman bin Auf kuulinda. Akasikia kitoto kikilia. Akamwendea mama yake, akamwusia amtunze mwanawe, akarudi mahali pake. Kilio kikaanza tena, mara ya pili na ya tatu. Alipouliza sababu, yule mama, asijue anasema na nani, akajibu kuwa anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa Umar hampi posho anyonyaye. Alfajiri ile watu walishindwa kukisikia vizuri kisomo chake kwa jinsi alivyokuwa akilia. Kisha akaamuru itangazwe mbiu kwamba mtu asiharakishe kumwachisha mwanawe ziwa, na kwamba posho itatolewa kwa kila mtoto tangu azaliwapo.

Kilichokuwa kikimliza mtoto yule ni kanuni ya hazina, na dawa yake ikawa kuigeuza kanuni. Kwa sababu hiyo hatuoni kuwa ni jambo geni msikitini kuzungumza habari za sheria za chakula.

Mkoa wetu wa Ruvuma, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, umehesabiwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi yetu kwa ajili ya kulisha wengine. Lakini uchunguzi wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta kwamba, mkoani Ruvuma, watoto 41 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa karibu 32. Nchi yenye kulisha wenzake, watoto wake ndio wafupi kuliko umri wao!

Wako wasemao kuwa ufupi ni wa ukoo. Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza kuwa watoto wadogo walionyonyeshwa vizuri na kulishwa vizuri hukua karibu sawa, wawe wa kabila lolote. Hasara ya kudumaa haiishii katika kimo. Huingia katika akili na masomo, na sehemu kubwa yake hutokea tangu tumboni hadi mtoto atimizapo miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kuirudisha. Kitabu cha Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, kimeweka miaka hiyo hiyo miwili kuwa ukamilifu wa kunyonyesha, na kikaweka juu ya baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Kwa hiyo lishe ya mtoto mchanga si kazi ya wanawake peke yao.

Serikali haikukaa kimya. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 1983 ulianzishwa kwa jirani zetu wa Iringa mpango wa lishe uliofika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, wakauliza huyu amepungua kwa nini, na nani atamsaidia. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika miaka michache. Twaupenda mfano huu kwa sababu mizani ilikuwa mali ya kijiji, wala hesabu haikwenda kulala katika kabati la ofisi.

Zikafuata kanuni za mwaka 1994 za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo yanayoshindana na ziwa la mama, na kanuni za chumvi yenye madini joto, ambazo zimewafaa sana watu wa nyanda hizi zilizojulikana kwa ugonjwa wa rovu. Mwaka 2011 zikaja kanuni za kuongeza virutubishi katika unga na mafuta ya kula. Hapa twasema wazi: kanuni hii ni njema, lakini humlinda zaidi anunuaye unga wa dukani. Mama wa Matiri hujitwika debe la mahindi yake mpaka mashineni, yakakobolewa, kiini na pumba vikaachwa huko, akarudi na unga mweupe. Ndio uji wa mtoto asubuhi, ndio ugali wa jioni. Wenye kutunga kanuni hawana budi kuifikia mashine hiyo ndogo. Nasi tusingoje, tusage dona kutoka mahindi makavu yasiyo na ukungu.

Tena iko sheria ya kazi ya mwaka 2004, impayo mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi na nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mama wa shamba la kahawa mwajiri wake ni nani? Likizo yake imo mikononi mwa mumewe. Wakati wa kuchuma, mtoto wa miezi minane huachiwa dada yake wa miaka saba pamoja na kikombe cha uji uliopoa, hadi jua lishuke. Kisha kahawa huuzwa, na fedha hushikwa na baba. Usipa hukaushwa kule chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, ukapandishwa hadi masoko ya Mbinga. Maharage na karanga tunalima wenyewe. Usipa uliotwangwa, ukatiwa katika uji wa mtoto, ni chakula bora kuliko soda na biskuti aletewazo siku ya mauzo kama zawadi.

Halmashauri zetu zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, na mikataba ya lishe imetiwa saini tangu mwaka 2017. Kila baada ya miezi mitatu kijiji chatakiwa kufanya Siku ya Afya na Lishe. Akina baba, nendeni siku hiyo, mkae penye mizani pamoja na majirani zetu Wakristo, ambao ndio wengi katika nchi hii ya Wamatengo, na ambao watoto wao wana udumavu ule ule. Na katika mkutano wa kijiji muulizeni diwani kwa adabu: zile shilingi 1,000 zilitolewa, na zimenunua nini?