Saratani ya damu huanzia wapi?

(Mazungumzo na wazazi, Ruhwa)



Hapa Ruhwa, bondeni kwenye joto na mashamba ya mpunga, mtoto akipata homa kila mtu husema ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini iko homa ambayo dawa ya malaria haiiondoi: mtoto anazidi kupauka, fizi zinatoka damu, ngozi inaota madoa kama ameumwa na viroboto. Ndipo jirani anaanza kuitwa mchawi. Kabla ya hapo, sikiliza habari ya damu yenyewe.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Humo mna chembe mama, na watoto wake hukua kwa hatua mpaka kila mmoja apate kazi: chembe nyekundu hubeba hewa, nyeupe hupigana na vijidudu, na nyingine ndogo sana hugandisha damu. Saratani huanza katika chembe moja tu, maagizo ya urithi yaliyomo ndani yake yanapoharibika. Uzao wake wote hurithi kosa hilo. Chembe hizo huzaana bila kukomaa, hujaza uboho, na zile nzima hukosa nafasi.

Jina la ugonjwa hufuata ukoo wa chembe hiyo na hatua ambayo ukuaji wake ulikwama. Iko aina moja ya polepole, ya watu wazima zaidi. Mwaka 1960, huko Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona katika chembe zake kromosomu fupi isiyo ya kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kwamba kromosomu namba 9 na 22 zilibadilishana vipande. Kwa kulijua kosa hilo, vikapatikana vidonge vya imatinibu, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 2001. Aina nyingine nyingi hazisikii vidonge hivyo, kwa hiyo kipimo hutangulia dawa.

Chanzo cha kosa mara nyingi hakijulikani. Mionzi huweza kulileta, kama ilivyoonekana Hiroshima baada ya bomu la 1945. Benzini iliyomo katika petroli pia. (Wewe unayeuza petroli kwa chupa, usiivute kwa mdomo!) Kula sahani moja na mgonjwa hakuambukizi.

Homa isipopungua, mrudishe mtoto kituo cha afya, uombe chembe za damu yake zihesabiwe. Mkimbizi abebe karatasi yake ya kuandikishwa. Hospitali ya wilaya ndiyo huandika barua ya kumpeleka mbele. Butaro, wilayani Burera, pana kituo cha saratani tangu 2012. Ni mbali sana na hapa, basi usingoje madoa yaongezeke.