Feza ya kosio inawekwa kwa grefi



Mwaka jana ndugu yetu mmoja alifungwa kasho juu ya mabishano ya shamba: wakati wa kurudi, alikuta wengine wanalilima. Tulichanga feza, tukaipeana mkono kwa mkono, bila karatasi. Akatoka. Kisha siku tatu wakamurudisha. Feza yetu ikapotea.

Tusirudilie tena. Katiba, kifungu cha 18, inasema: polisi haiwezi kufunga mtu kupita masaa 48, imuachilie ao imupeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu cha 19: kila mtu ana haki ya avoka, hata kwa polisi. Asiye na feza, aulizie baro ya maavoka: kuko ofisi ya mashauri ya bure.

Kosio si matabishi, wala si amande. Parke ao muamuzi akikubali, inawekwa kwa grefi, na karatasi, ili mtu afike kila mara akiitwa. Akifika, inarudishwa, akikosa bila sababu, inapotea. Na kutoka si kusema kesi imekwisha.

Kwa hiyo sanduku letu halitatoa tena hata franga moja bila karatasi ya grefi. Feza itakayorudi itamusaidia mwingine.