Transferi Isiyo na wa Kuiulizia

Mwaka 2011 Rwanda ilitangulia nchi zote za Afrika: ilianza kuwachanja wasichana wa darasa la sita, nchi nzima, dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Mwaka ule wa kwanza zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa walimaliza dozi zote tatu. Binti wa Bugarama aliyechanjwa wakati huo akiwa na miaka 12 leo huenda ana watoto wake. Hongera zimetolewa, na zilistahili.

Maoni ya leo yanamwangalia mama wa yule binti.

Ikiwa mwaka 2011 alikuwa na miaka 37, sasa ameshavuka 50. Chanjo ilimkuta umri umeshapita. Upimaji unaohimizwa chini ya mpango wa taifa uitwao Misheni 2027, unaotaka Rwanda ilitangulie kwa miaka mitatu lengo la dunia la mwaka 2030 la kutokomeza saratani hiyo, unawalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 49. Mama huyu amepitwa mara mbili. Kilichombakia ni njia ya zamani: aone dalili, aende santé (kituo cha afya), muuguzi ashuku, aandikiwe transferi (barua ya rufaa), afike hospitali. Na hapa ndipo mambo yanapokwama.

Bugarama iko pembezoni mwa nchi kwa maana zote. Ng'ambo moja ni Kamanyola ya Kongo, ng'ambo nyingine ni Burundi kwa njia ya Ruhwa. Ni bonde la joto la mto Rusizi, sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, lenye mashamba ya mpunga na, jirani tu, kiwanda cha saruji cha Cimerwa. Mpunga hulimwa misimu miwili kwa mwaka, na wanawake ndio wanaoinama matopeni kupandikiza na kupalilia. Maumivu ya kiuno kwa mwanamke wa shamba la mpunga hayamshtui mtu. Uchovu haumshtui mtu. Hata damu iliyorudi miaka mitatu baada ya hedhi kukoma, jirani atamwambia kwamba ujana umemrudia, wacheke, yaishe.

Hilo si jambo la kucheka. Damu kwa aliyekwisha koma hedhi, damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu usiosikia dawa, ni dalili zinazodai uchunguzi wa ndani. Tumbo linalojaa kila siku na shibe inayokuja upesi vinaweza kuwa vinatoka kwenye ovari. Kuna jambo lingine ambalo kampeni husahau kulisema: kipimo cha mlango wa kizazi hakioni saratani ya mji wa mimba wala ya ovari. Mama aliyeambiwa mwaka jana kwamba yuko salama, akianza kutokwa damu leo, aje upya kama mgonjwa mpya. Tena asipangwe kwenye foleni ya upimaji wa kawaida, maana foleni hiyo ni ya wasio na dalili.

Kinachotokea mara nyingi ni kingine. Mama anasema ana uchafu ukeni, anaandikiwa vidonge vya maambukizi, anarudi nyumbani. Anakuja tena, anaandikiwa vilevile. Hajapandishwa kitandani, hajawashiwa taa, hakuna aliyeutazama mlango wa kizazi kwa macho. Wauguzi wasilaumiwe kirahisi: foleni ni ndefu, chumba cha faragha ni kimoja, na muuguzi akiwa kijana wa kiume, umri sawa na wa mwanawe, mama mwenyewe hushukuru kuishia kwenye vidonge. Heshima imelindwa. Ugonjwa nao unaendelea.

Gharama ya ucheleweshaji huu iliwahi kupimwa hapa hapa Rwanda, ingawa kwa saratani ya matiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwahoji wagonjwa 144 katika hospitali za Butaro na Rwinkwavu. Nusu yao walikaa na dalili miezi mitano au zaidi kabla ya kumwona mhudumu yeyote. Baada ya kufika kwa mhudumu, nusu yao walisubiri tena miezi mitano au zaidi hadi ugonjwa kuthibitishwa. Kuchelewa kwa mgonjwa na kuchelewa kwa mfumo kulikuwa sawa kwa sawa. Basi yule anayesimama kwenye mkutano wa kijiji akisema wanawake wetu wanachelewa kwa sababu ya ujinga na waganga wa kienyeji anaeleza nusu tu ya habari.

Uingereza, nchi yenye mashine za kila aina, mwongozo wake wa kitaifa unasema mwanamke wa miaka 55 na zaidi anayetokwa damu baada ya kukoma hedhi apelekwe kwa njia ya washukiwa wa saratani; hadi mwaka 2023 ulitaka aonwe ndani ya wiki mbili. Huko kinachohesabiwa ni siku. Kwetu transferi ina jina la mgonjwa, ina muhuri, na inaeleza anakotoka na anakokwenda. Tarehe ya kuandikwa ipo. Siku ya mwisho ya kuonwa haipo.

Transferi yenyewe ni lazima. Mwenye mituweli, bima ya afya ya jamii, huanzia santé, analipa faranga 200, na bila transferi hospitali inamtoza gharama yote badala ya asilimia 10. Utaratibu huo una maana yake, kwani bila yake kila mwenye mafua angejazana hospitalini. Ila kwa mama anayeshukiwa saratani, kila daraja ni safari. Kutoka Bugarama ataelekea kwanza hospitali ya wilaya ya Mibilizi. Ikibidi akatwe kinyama kikapimwe maabara, pengine atatumwa hospitali ya chuo kikuu mjini Huye, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe. Ikithibitika, tiba ya dawa iko Butaro, kituo cha saratani kilichofunguliwa mwaka 2012 kaskazini kabisa, au Kigali. Mionzi inatolewa Kanombe, jijini Kigali, katika hospitali ya jeshi, tangu mwaka 2019. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa Uganda au Kenya, na mashine ya hospitali ya Mulago, Uganda, ilipoharibika kabisa mwaka 2016 wengi walibaki bila pa kwenda. Hapo nchi imepiga hatua kubwa, wala haipaswi kunyimwa sifa. Mwezi Januari 2025 baraza la mawaziri liliidhinisha tiba ya saratani iingizwe katika huduma za mituweli. Nauli haimo. Wala gharama ya kulala na kula ugenini, wala mkono wa kupalilia mpunga wakati mwenye shamba hayupo.

Ndiyo maana transferi nyingine huishia chini ya godoro, zikisubiri mavuno. Santé inaamini mgonjwa alifika. Hospitali haijui kama kuna mtu aliyetumwa.

Dawa ya hili haihitaji mfadhili mpya. Rwanda imeshawahi kuwafuatilia wajawazito kijiji kwa kijiji kwa ujumbe wa simu, kupitia abajyanama b'ubuzima, yaani wahudumu wa afya wa vijijini, na mfumo wa RapidSMS ulioanza kujaribiwa mwaka 2009: mhudumu wa kijiji anamwandikisha mama, anakumbushwa tarehe zake, na hatari ikitokea anatoa taarifa. Mwenye transferi ya kushukiwa saratani anaweza kufuatwa kwa njia hiyo hiyo. Santé itume jina siku ile ile, Mibilizi irudishe tarehe ya kumpokea, na tarehe ikipita bila yeye kufika, mhudumu wa kijiji apige hodi. Hata daftari la kawaida lenye safu ya "amefika" na safu ya "amejibiwa" lingetosha kuanzia. Majibu ya hospitali yarudi kwa muuguzi aliyemtuma, naye ajue kama alishuku sawasawa. Asipojibiwa kamwe, atachoka kutuma.

Wakuu wa afya wa Rusizi, wilaya yenye Bugarama, wanaosikiliza asubuhi hii wanaweza kuanza na swali moja katika kikao chao kijacho: kati ya wanawake waliopewa transferi kwa kushukiwa saratani miezi mitatu iliyopita, wangapi walifika? Nawe mama unayesikiliza ukichambua mchele, ukiona damu baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, nenda santé wiki hii. Omba uchunguzwe ndani. Ukitaka akuhudumie mwanamke, sema. Na ukipewa transferi, usiondoke mezani kabla hujaambiwa ni siku gani unasubiriwa, na ni nani wa kumpigia simu ukikwama njiani.