Remorki isiyogusa jiwe: tulivyojifunza kuinua chombo chetu

*Maneno ya kikosi cha kazi za vijijini mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili, Butembo*



Mulituomba tueleze kwa nini remorki ya chama ilikaa garaji muda mrefu, na kwa nini ilitoka pale ikiwa ndefu kuliko ilivyoingia. Wengine wamesema tumeirembesha tu. Hapana. Tutaeleza namna ilivyokuwa, pamoja na makosa yetu, kwa sababu chombo ni cha wote na hesabu ni ya wote.

Munajua kazi yake. Wengi wetu tulikimbia tukiwa na godoro juu ya kichwa na mtoto mgongoni. Kuna waliokimbilia Oicha, Beni na hapa Butembo. Kuna wale wa Watalinga waliovuka mpaka kuingia Bundibugyo, Uganda, Kamango iliposhambuliwa Julai 2013. Mtu anaporudi harudi na godoro peke yake. Anarudi na mabati, mbegu, masufuria, mashine ya kushona, vitabu vya watoto. Remorki ilipatikana kwa ajili ya vitu hivyo, na jip ya kuivuta tunakodi.

Shida ni kwamba kijiji hakikai juu ya barabara kubwa. Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walikutana mpakani Kasindi kuzindua kazi za barabara, na Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, kilomita 54, zilikuwa ndani ya mpango. Tunashukuru. Lakini ukiiacha hiyo barabara na kupanda kuelekea miguu ya Ruwenzori, upande wa Mutwanga, unakutana na mawe yanayoletwa na mito ya mlimani, na mifereji ambayo mvua inachimba katikati ya njia. Pale ndipo remorki yetu ilishindwa.

Safari ya kwanza ilikuwa wakati wa mvua. Jip ilivuka kijito, remorki ikakaa juu ya jiwe kama kuku juu ya mayai. Magurudumu yake yalikuwa yanazunguka ovyo, na mkia umezama katika udongo. Tulipakua kila kitu, mama zetu wakabeba kwa mgongo kilomita zilizobaki. Maharage ya mbegu yalilowa. Na munajua kwetu kukwama njiani si kupoteza saa tu. Giza likiingia, hakuna anayetaka kuwa pale.

Tuliporudi tulifanya haraka, na haraka ndiyo ilituumiza. Tulimwambia fundi mmoja wa kando ya njia: inua mpaka mwisho. Alitia vipande vya mbao kati ya resori na ekseli, akafunga, tukaondoka. Ilipendeza macho. Safari iliyofuata, mahali njia inapoinamia upande wa bonde, mbao moja iliteleza na remorki ikalala ubavu. Hakuna mtu aliyeumia, kwa neema ya Mungu. Lakini mashine ya kushona ya mama mmoja ilivunjika. Alituambia bila kupandisha sauti: «Mimi mulinifikisha. Kazi yangu hamukuifikisha.»

Neno hilo ndilo lilitupeleka kwenye garaji nzuri, na safari hii tuliuliza mbele ya kulipa. Haya ndiyo tuliyofundishwa.

Kwanza, pima. Weka remorki juu ya saruji tambarare, ikiwa na mzigo wa kawaida, kwa sababu ikiwa tupu inadanganya. Tafuta kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote, upime kutoka pale mpaka chini. Yetu ilikuwa na sentimita 19, nayo haikuwa ekseli. Zilikuwa nati za mabuloni ya kupinda yanayoshika resori. Kisha pima jip inayovuta. Kanuni ni nyepesi: mahali jip inapita bila kugusa, remorki nayo ipite. Ikiwa chini kuliko jip, dereva anaona njia iko sawa, kumbe nyuma yake kuna jembe linalima.

Pili, ondoa vinavyoning'inia. Gurudumu la akiba lilikuwa limefungwa chini ya mkia. Tulilipeleka mbele, juu ya mkono wa kuvutia. Miguu ya kusimamishia ilikuwa haikunjiki mpaka mwisho. Tuliikata na kuiwekea bawaba. Chuma cha mwisho cha mkia tulikikata kwa mshazari, kiinuke kama kidevu. Kazi hii haikuinua remorki hata sentimita moja, lakini iliondoa nusu ya migongano yetu. Mwenye pesa kidogo aanzie hapa.

Tatu, hamisha ekseli. Ekseli ni kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili. Resori ni zile sahani za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kwa remorki nyingi za chini, ekseli inapita juu ya resori. Ukiitoa pale na kuiweka chini ya resori, sanduku linapanda kwa unene wa ekseli pamoja na unene wa resori. Kwetu ilikuwa sentimita 6 na sentimita 4, jumla 10. Fundi alichomelea viti vipya vya resori juu ya ekseli, akatia mabuloni mapya. Alituonya: kama ekseli ina mpindo, usiigeuze juu chini, maana magurudumu yatainama na kula mipira.

Nne, magurudumu. Hapa wengi tunadanganyika. Kuinua sanduku hakuinui ekseli. Unaweza kulipandisha sanduku mpaka dirishani, ekseli ikabaki palepale ikisubiri jiwe. Gurudumu kubwa linainua vyote, lakini linatoa nusu tu: gurudumu likiongezeka sentimita 8 toka juu mpaka chini, ekseli inapanda 4. Tulichagua magurudumu ya saizi moja na ya jip, ili gurudumu moja la akiba litumike kwa zote mbili. Pima kwanza nafasi chini ya bawa la tope, maana njia mbaya inarusha gurudumu juu. Na kwa remorki yenye breki, ujue kwamba gurudumu kubwa linapunguza nguvu ya breki.

Tano, vipande vya kuinulia. Si dhambi kuvitumia, dhambi ni mbao. Kiwe chuma kizima, kimoja tu kwa kila upande, chenye tundu na msumari wa katikati ili kisiteleze, na mabuloni marefu yanayokitosha. Baada ya kilomita 50 za kwanza, simama ukaze nati tena. Kuongeza sahani za resori nako kunainua kidogo, lakini kunafanya remorki iwe ngumu. Ikiwa tupu inarukaruka na kuvunja kila kitu. Ongeza pale tu resori zimechoka na kulegea.

Kwa wafadhili wetu wa Ulaya tuna neno moja hapa. Remorki nyingi za kwenu, pamoja na zile nyumba za kuvuta munazoita karavani, hazina resori za sahani. Zina ekseli yenye mpira ndani. Hizo haziinuliwi kwa njia ya tatu. Zinatiwa kipande cha chuma kati ya fremu na ekseli, na fundi lazima ajue anachofanya. Kabla ya kununua chombo cha kutuletea, tafadhali inameni chini yake, mutupigie picha. Rangi yake tutaiona baadaye.

Sita, mkono wa kuvutia. Ukiinua nyuma bila kuinua mahali pa kuungia, remorki inainamisha pua na mzigo unakimbilia mbele. Pua ikitazama juu, mkia ndio unaokwaruza. Tulipandisha ndoano ya jip mpaka remorki ikakaa sawasawa kama meza.

Saba, ujue bei ya urefu. Kila sentimita unayoipata chini unailipa juu. Chombo kirefu kinaanguka upesi, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani juu ya utelezi. Mkia wa remorki yetu sasa umepanda sentimita 14, na mahali pa chini kabisa, palipokuwa 19, ni 27. Tungeweza kwenda juu zaidi. Tulikataa. Jip yenyewe haifiki 27, basi zaidi ya hapo tungenunua hatari bure.

Kwa hiyo, wandugu, tunawaomba jambo wakati wa kupakia. Vizito vikae chini kabisa, vingi vikiwa mbele kidogo ya ekseli, na mkono wa kuvutia ubebe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Mabati yalale, yasisimame. Godoro liende juu. Mtu asipande juu ya mzigo, hata mtoto, hata kwa kilomita moja. Tunajua kusema hapana kwa mama aliyechoka ni kazi ngumu. Tutasema hapana.

Ndani ya sanduku la vyombo tumeweka kijiti cha sentimita 25, kilichopakwa rangi nyekundu. Tukifika kwenye kijito, mmoja wetu anatangulia kwa miguu na kijiti hicho. Jiwe likikizidi, tunalisogeza au tunazunguka. Vijana walitucheka mara ya kwanza. Sasa wanagombania kukishika.

Tangu kazi iishe tumepita njia ileile katika mvua ya Septemba mpaka Novemba. Tumekwama mara moja, katika tope, si juu ya jiwe, na hakuna mzigo uliobebwa kwa mgongo. Hesabu ya garaji iko kwa mtunza hazina, karatasi kwa karatasi. Kila mwanachama na kila mfadhili anaweza kuisoma leo.

Hatukuja kuomba remorki ya pili. Tunaomba resori za akiba, mabuloni, na siku mbili za fundi kila mwaka. Watu wengi wanapenda kutoa chombo kipya, wachache wanapenda kutoa nati. Lakini msaada unaoishia kwenye barabara kubwa haujamfikia mtu. Unamfikia pale mlango wake ulipo, na kati ya barabara na mlango kuna mawe.

Bado tuna deni. Mashine ya yule mama imetengenezwa nusu. Kuna kipande ambacho tunakitafuta mpaka leo. Yeye yuko hapa, amekaa upande wa mlango, na hajatudai hata mara moja. Tumekubaliana katika kikosi kwamba pesa ya kwanza itakayoingia itakwenda kwa kipande hicho, mbele ya nati yoyote ya remorki.