Kauboi, Steringi na Fasihi Pendwa

Kauboi wa Kimarekani, wa vitabu vya picha na wa sinema, aliachia Kiswahili cha Tanzania jina lake. Sinema ikaongeza steringi, neno lililotokana na lile la Kiingereza litangulialo majina ya waigizaji wakuu. Kanuni yake vijana waliijua: steringi hafi. Lakini shujaa wa bastola alipoingia katika riwaya, aligeuka. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), hutumwa na serikali. Kauboi aghalabu hujituma. Badiliko hilo zito lilistahili kuchambuliwa mapema. Wahakiki wengi, hata hivyo, waliipa kisogo fasihi pendwa, yakiwemo magazeti ya hadithi za picha kama Film Tanzania, na karatasi za machapisho ya aina hiyo zikawafaa zaidi wauza karanga.