Mwambie mtoto ukweli mbele ya kumpeleka kwa munganga wa meno

Maneno ya baba mmoja, memba wa chama chetu, katika mkutano wa memba na wafadhili, Kingamyambo, Kolwezi



Komite iliniomba niseme juu ya meno ya binti yangu. Nilicheka kwanza. Watu wanakuja hapa na shida za nyumba, za masomo, za vitambulisho, na mimi nisimame na jino? Lakini najua kuna wazazi wengine hapa wenye mtoto ambaye jino lake halijatoka, na wanangojea. Na mimi nilingojea. Basi nitasema.

Binti yangu alipofika miaka 12, chonge yake moja ya juu ilikuwa bado ile ya utoto, ndogo, haitikisiki. Ya upande mwingine ilikwisha kutoka na kukomaa. Mama yake alisema itakuja. Jirani alisema ni utamu mwingi. Wote hawakupata. Munganga wa meno alipopiga picha tuliliona jino lenyewe: lipo, zima kabisa, lakini limelala kimshazari ndani ya kaakaa, linasukuma mzizi wa jino la jirani.

Munganga alitueleza kama jambo hili linapata watu 2 hivi katika 100, na wasichana zaidi ya wavulana. Kwa kawaida chonge za juu zinatoka kwenye miaka 11 ao 12. Lakini mzazi anaweza kuzitafuta mbele ya pale. Mtoto akiwa na miaka 9 ao 10, nawa mikono, pitisha kidole juu ya ufizi wake, upande wa shavu. Utasikia kivimbe kigumu: ni jino linashuka. Kama upande mmoja kipo na upande mwingine hakuna, usingojee, omba picha. Chonge iliyopotea njia inaweza kula mzizi wa meno ya mbele, na mtoto hasikii hata maumivu. Siku utakayojua, jino zuri la mbele linatikisika.

Dawa yake ni kazi mbili. Ya kwanza ni upasuaji: kung'oa jino la utoto, kufungua ufizi, kubandika kifungo kidogo juu ya jino lililojificha, na kifungo kile kina mnyororo mwembamba kama uzi. Kazi ya pili ni apareyi, zile nyaya za meno. Nyaya zinavuta mnyororo polepole, karibu milimita 1 kwa mwezi, mpaka jino lifike mahali pake. Ni zaidi ya mwaka mmoja, na karibu kila mwezi mtoto arudi kwa munganga. Kwetu sisi hiyo ni Lubumbashi, kilometa 300 hivi kwenda, na 300 kurudi.

Mimi nilisikia kazi ya kwanza tu. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika, nikachukua ile feza yote, nikapanda bisi na mtoto. Munganga hakuipokea. Aliniuliza:

— Baba, feza ya apareyi iko wapi?

— Tutaona mbele, munganga.

— Basi leo sipasui. Nikifunga mnyororo na hakuna waya wa kuuvuta, ufizi utajifunga tena, na nitakuwa nimemuumiza mutoto bure. Rudia na feza yako, upange safari yote. Lakini usikawie.

Nilikasirika sana. Nilikasirika mpaka Likasi. Kati ya Likasi na Fungurume hasira ikaanza kupoa. Nilipofika Kolwezi nilijua kama yule mtu alinitendea mema. Feza yangu, angeweza kuila.

Ndipo nilikuja hapa, mbele yenu. Munakumbuka siku ile. Kuna wenye walisema: kasha ya chama ni ya magonjwa na vilio, haiko ya kufanya batoto bakuwe bazuri. Sikuwalaumu. Hata mimi zamani ningesema vile. Niliweka ile picha kwenye dirisha, mukasogea mmoja mmoja, mukaona jino linavyoegemea mzizi wa mwenzake. Mama mmoja akasema: «Kumbe ni ugonjwa wenye haulie.» Mulinikopesha feza ya apareyi, na wafadhili wakabeba nusu ya njia. Nasema aksanti mbele ya wote.

Sasa nifike kwenye neno lililonileta.

Mulioishi Meheba munajua siku ya kurudi ilivyokuwa. Binti yangu alizaliwa kule Zambia, alikuwa na miaka 5. Alikuwa na kuku mmoja, wake mwenyewe. Tulipokaribia kupanda lori nilimwambia tunaenda kumtembelea nkambo, siku chache tu, kuku abaki kwa jirani. Nilimdanganya juu ya kuzuia kilio. Mpaka Solwezi alikuwa anaimba. Mpaka Kasumbalesa alikuwa anauliza tutarudi siku gani. Hapa Kolwezi aliuliza juu ya yule kuku miezi mingi, halafu akanyamaza. Nilifikiri amesahau.

Wiki moja mbele ya upasuaji nilimwita, nikamwambia: «Mama, tutaenda Lubumbashi, munganga ataangalia meno yako kidogo.» Alinitazama sana.

— Baba, hii nayo ni sawa kuku?

Nilikosa la kujibu. Miaka 8 alikuwa amebeba lile jambo.

Basi nikakaa chini, nikamweleza yote. Atakuchoma sindano kwenye ufizi na kwenye kaakaa. Ile ya kaakaa inauma, lakini ni kwa dakika kidogo. Halafu mdomo utakufa ganzi. Utasikia kusukumwa na kuvutwa, hutasikia kukatwa. Ukisikia maumivu, inua mkono wa kushoto, munganga atasimama. Kisha utavimba, siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya. Na jino halitatoka wiki hiyo. Litachukua mwaka, pengine zaidi. Alilia. Nilimwacha alie. Kisha akauliza kama masomo watamcheka na nyaya. Nikamwambia: wengine watacheka, ndiyo.

Siku yenyewe aliinua mkono mara moja. Munganga alisimama, akaongeza dawa, akaendelea. Nilikuwa nimeshika mguu wake. Juu ya lile neno moja lililotimizwa, alitulia mpaka mwisho.

Kwa wazazi, haya ndiyo nilijifunza:

Mwambie munganga magonjwa yote ya mtoto, zaidi ya yote kama ana SS, kama moyo wake una shida, ao kama akikatika damu haisimami upesi. Uliza kama atatumia sindano ya ganzi tu. Kama ni hiyo tu, mtoto ale vizuri mbele ya kwenda. Kama watamlaza usingizi, asile chakula muda wa saa 6, na maji wafuate vile watakavyosema.

Akitoka, aume kitambaa safi dakika 30 bila kukifungua kila wakati. Asiteme mate, asinyonye kwa mrija. Ganzi isipoisha asile: anaweza kula mdomo wake mwenyewe bila kujua. Siku za kwanza tulimpa uji uliopoa na mayai laini; bukari ilingoja. Kesho yake alianza kusukutua na maji ya chumvi, polepole. Dawa ya maumivu ilikuwa parasetamoli, kipimo cha uzito wake. Aspirini hapana: inaongeza damu, na kwa mtoto ni hatari. Damu ikikataa kusimama, homa ikipanda, ao uvimbe ukizidi nyuma ya siku ya tatu, rudi kwa munganga, usiende kwa muuza dawa wa barabarani.

Leo ni mwezi wa 7 wa apareyi. Sitawadanganya ninyi pia: jino bado halijafika. Ncha yake imeanza kuonekana, nyeupe, kama punje ya muhindi. Kila asubuhi anaitazama kwenye kioo, kisha ananiita nitazame. Deni langu kwa chama nimelipa sehemu, sehemu ingali, na kila mwezi nitaleta.

Naomba mambo mawili. Kwa komite na wafadhili: mukimsaidia mtoto kwa upasuaji wa namna hii, uliza kwanza kama safari yote ina feza, apareyi na njia ya kila mwezi. Nusu ya msaada hapa inaweza kuwa hasara kamili. Afadhali mtoto mmoja afike mwisho kuliko watatu wabaki na minyororo kwenye ufizi.

Kwa wazazi wenzangu: sisi tuliorudi tulizoea kuhamisha batoto kama mizigo, na maneno matamu ya kuwanyamazisha. Tulikuwa na sababu zetu. Lakini batoto hawakusahau. Mbele ya meza ya munganga, ao mbele ya safari yoyote, mwambie mtoto kitakachotokea, na sehemu inayouma pia.

Juu ya yule kuku, nilimwomba msamaha. Alisema: «Baba, kuku ilishakufa zamani.» Halafu akacheka, na nyaya zake zikaonekana zote.