Jiko Ndani ya Nyumba: Mapafu Yetu na Baridi ya Langas

Utangulizi



Mji wa Eldoret, ulio na mtaa wetu wa Langas, uko takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kimo hiki kina athari mbili. Kwanza, kila pumzi tunayovuta ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja kwa tano kuliko ya Mombasa. Pili, usiku ni wa baridi kali, na baridi ndiyo inayoingiza jiko la makaa chumbani. Mada hii inalizungumzia jiko hilo.

Mapafu yanavyofanya kazi

Kiwambo kilicho chini ya mbavu kikishuka, kifua hupanuka na hewa huingia. Hupita kooni, ikafuata mirija inayozidi kuwa myembamba, hadi kwenye mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo mno. Hapo oksijeni huingia damuni na kaboni dayoksaidi hutoka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Mirija hiyo ina ute unaonasa vumbi, na vinyweleo vinavyousukuma juu hadi tuuteme au tuumeze. Moshi hudhoofisha vinyweleo hivyo, uchafu na viini vikabaki kifuani.

Hatari iliyo chumbani

Mwezi wa Julai, mama huwasha jiko nje. Makaa yakishashika na moshi kwisha, huliingiza ndani, akafunga mlango na kuziba mianya ya mabati kwa matambara ili watoto wapate joto. Ni upendo, lakini makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, miguu hulegea, usingizi hushika, na wapo wasioamka tena.

Moshi wa kuni na koroboi nao huua polepole, kwa nimonia ya watoto na maradhi sugu ya mapafu ya wapishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Mapendekezo

1. Jiko lisilale ndani. Tuongeze blanketi na nguo nzito.
2. Anayelazimika kupikia ndani aache mlango na dirisha wazi, na watoto wakae mbali.
3. Mwenye kikohozi cha wiki mbili apimwe kifua kikuu. Matibabu ni bure katika vituo vya serikali.
4. Mtoto anayehema mbio au ambaye mbavu zake hubonyea anapopumua akimbizwe hospitalini papo hapo.
5. Watoto wapate chanjo zote, na sigara iachwe.

Hitimisho

Wahamasishaji wa afya ya jamii, mnaingia nyumba ambazo daktari hafiki. Msimu huu wa baridi, kila mnapopiga hodi, ulizeni kwanza jiko linalala wapi, na msiondoke kabla ya kukubaliana na mwenye nyumba kwamba litalala nje.